Tairi la tela la trekta limechanika ubavuni: lishonwe, litiwe kiraka, au ndio mwisho wake?

Mkulima wa Ruponda (Nachingwea)

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo lililonisimamishia kazi tangu juzi. Ni la haraka, kwa kuwa korosho zinaendelea kuanguka na ninatakiwa kupeleka mzigo katika ghala la chama cha msingi wiki ijayo.

Nina tela la ekseli moja, lenye magurudumu mawili, linalovutwa na trekta dogo. Juzi jioni, tulipokuwa tukitoka shamba la bondeni na magunia 38, gurudumu la kulia lilipanda kisiki kilichokuwa kimefunikwa na majani makavu. Wanaoijua misitu ya huku watanielewa nikisema kwamba kilikuwa kisiki cha mpingo: mti wenyewe ulikatwa kabla sijalinunua shamba, mchwa wamemaliza kila kilichokuwa jirani yake, na chenyewe kimebaki na ncha kama patasi. Hapakuwa na mlipuko. Tulisikia mlio mfupi kama wa turubai linapochanwa, kisha upepo ukatoka kwa mvumo, tela likalala upande mmoja, na magunia mawili ya juu yakaporomoka.

Tairi hilo ni la ukubwa wa 10.0/75-15.3, linatumia mpira wa ndani, na nililinunua likiwa limeshatumika. Mchaniko uko ubavuni upande wa nje, katikati baina ya sehemu inayokanyaga ardhi na rimu. Ukiutazama kwa nje una urefu wa kidole changu cha kati. Mpira wa ndani nao umetoboka mahali palepale, lakini huo haunisumbui kwa sababu mpya unapatikana mjini.

Mafundi wawili niliowaonesha wamenipa majibu yanayopingana. Wa kwanza anasema atalishona kwa waya mwembamba, aweke kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, na nitatembea nalo msimu mzima. Anataka shilingi 25,000. Wa pili aliingiza kidole kwenye mchaniko, akatikisa kichwa, akasema kwamba tairi lililochanika ubavuni limebakiza kazi moja tu, nayo ni kukatwa makatambuga. Tairi jipya la ukubwa huo nililoulizia Masasi halipungui thamani ya magunia mawili ya korosho, na kabla ya mnada fedha hiyo sina mkononi.

Nani kati yao anasema kweli? Na kama kuna namna ya kulitengeneza bila kujidanganya, naomba nielezwe hatua kwa hatua, kwa kuwa ningependa kusimama pale nione fundi anachokifanya.

Fundi wa Mnazi Mmoja (Lindi)

Pole sana, ndugu yangu wa Ruponda. Mimi riziki yangu ni matairi, ya malori zaidi kuliko ya matela, lakini mpira ni mpira. Mafundi wako wote wawili wamekimbilia hukumu bila kulivua tairi kwenye rimu, na jeraha la ubavuni halihukumiwi kwa nje.

Unachotakiwa kukijua kwanza ni kwamba mzigo haubebwi na ule mpira mweusi unaouona. Unabebwa na upepo, na upepo unashikiliwa na tabaka za nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, ambazo zinatoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine zikipishana kama ukili wa mkeka. Mpira wa juu kazi yake ni kuzifunika nyuzi zisipate maji, jua na mikwaruzo. Kwa hiyo mchaniko wa urefu wa kidole ambao umekata mpira peke yake ni mkwaruzo tu, hata ukiwa unatisha, na kitobo cha ukubwa wa punje ya hindi ambacho kimekata nyuzi za tabaka zote ni jeraha la kweli.

Lipeleke tairi mahali penye mwanga, ulivue, kisha ulifungue ubavu kwa mikono kutoka ndani, mwenzako akiukandamiza kwa nje ili kinywa cha jeraha kiachame. Ukiona tabaka la ndani kabisa bado ni zima, laini, halina ufa wala nyuzi zilizosimama kama nywele, una bahati. Ukiona nyuzi zimekatika, hesabu ni tabaka ngapi, na upime urefu wa mkato kwa rula upande wa ndani, kwa sababu kisiki huingia kikichimba na mara nyingi jeraha la ndani huwa refu kuliko la nje. Tazama pia kama mchaniko umekaribia ukingo unaokaa kwenye rimu, ambako ndani yake mna waya mzito. Ukiwa umefika huko, usipoteze shilingi hata moja.

Kuhusu kushona kwa waya, mimi ninapinga, na nitakueleza sababu. Kila tundu ambalo sindano inapita ni nyuzi nyingine zinazokatwa, tena kwa mstari ulionyooka kando ya jeraha, kwa hiyo unalizungushia jeraha tobo jipya kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike vizuri. Halafu ubavu wa tairi ndio sehemu inayojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Waya hauvutiki pamoja na mpira: unasaga, unakatika, na ncha yake inaingia katika mpira wa ndani. Nimezivua tairi nyingi za namna hiyo, na waya nimeukuta umejichomeka katika mpira wa ndani kama mwiba wa mgunga.

Sasa tuseme mkato wa ndani haufiki sentimita 5 na umekata tabaka moja au mbili tu. Hapo kipo kiraka cha ndani ambacho kwa tela la mwendo mdogo kinaweza kukusaidia, mradi ukijue kuwa ni msaada na si uponyaji. Fundi mzuri hukata kipande kutoka tairi kuukuu la nyuzi, si la waya, akabandua mpira mzito wa juu na kubakiza tabaka chache zinazokunjika mkononi. Kipande kipite jeraha kwa upana wa vidole vinne kila upande. Kingo zake lazima zichongwe kwa kisu hadi ziwe nyembamba kama ukingo wa jani, na hapa ndipo usimame uangalie kweli, kwa sababu fundi mvivu huacha kingo nene, na kingo nene zitausugua mpira wa ndani hadi ziutoboe, nawe utadhani ni pancha nyingine.

Ndani ya tairi panasafishwa, panakwaruzwa kwa brashi ya chuma hadi mng'ao wote uondoke na mpira uonekane mweusi wa vumbi, lakini bila kuzifikia nyuzi. Gundi inapakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke mpaka kidole kikigusa kinanata bila kutoka na gundi. Watu wengi huharibu hapa: wanabandika gundi ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza siku ya kwanza ya jua kali. Ukishabandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini. Jeraha la nje nalo lizibwe kwa mpira mbichi unaopikwa kwa mashine, ili maji na mchanga visiingie kwenye nyuzi na kuzioza. Mwisho paka poda ndani ya tairi, weka mpira mpya wa ndani, ujaze upepo kidogo kidogo huku umesimama mbele ya sehemu inayokanyaga ardhi, kamwe si usawa wa ubavu. Ubavu ukivimba mahali pa jeraha kama shavu la mwenye jino bovu, toa upepo, na safari ya tairi hilo imeishia hapo.

Tuletee vipimo vya ndani, pamoja na maandishi yote yaliyo ubavuni.

Mama wa Kitama (Tandahimba)

Shikamoo fundi, na pole sana kaka wa Ruponda.

Sina utaalamu, nina yaliyonipata. Mwaka juzi tulishonewa tairi la tela kwa waya, tukaambiwa maneno hayohayo ya msimu mzima. Lilitembea wiki saba bila shida yoyote, nasi tukasahau kama lina mshono, na hilo la kusahau ndilo ubaya wenyewe. Siku tunashuka mteremko kutoka Newala kuelekea Masasi, tukiwa na mzigo mdogo wa mbaazi wala si korosho, lilipasuka tela likiwa linausukuma mkia wa trekta. Dereva alilimudu, Mungu mkubwa, lakini vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia waliruka, na mmoja alivunjika mkono.

Kwa hiyo kaka, lolote utakaloamua, watu wasipande juu ya mzigo. Huku kwetu ni desturi, najua, kibarua akishapakia anaona ni haki yake kupanda, na ukimkatalia anakuona una roho mbaya. Mkatalie tu.

Dereva wa Pawatila (Liwale)

Kwa heshima zote kwa fundi, mimi nina tairi lililoshonwa na ninaingia nalo msimu wa tatu. Halikushonwa kwa waya bali kwa uzi wa nailoni, ule wa nyavu, na ndani kuna kiraka. Tela langu ni la pawatila, yaani kitrekta cha magurudumu mawili cha kushika kwa mikono, na mzigo wangu ni magunia 10, yakizidi sana 12. Nadhani tusiwatishe watu wenye kipato kidogo kana kwamba kila tairi lililochanika ni kaburi. Wengine tusingeshona, mzigo ungelala shambani ukinyeshewa.

Fundi wa Mnazi Mmoja (Lindi)

Ndugu wa Liwale, sikubishii, na uzi wa nailoni hakika una adabu kuliko waya. Lakini maneno yako yenyewe yamebeba jibu. Magunia 10 yaliyogawanywa kwa magurudumu mawili, kwa mwendo wa pawatila, hayafanani na magunia 38. Tena kinachokubeba wewe ni kile kiraka cha ndani. Ule uzi umefunga mdomo wa jeraha tu.

Bwana Shamba Mstaafu (Masasi)

Nimesoma yote na ninaona tunazungumzia kisiki peke yake, ilhali mimi ninaona kisiki kilimalizia kazi iliyokuwa imeshaanza. Ndugu wa Ruponda ametaja magunia 38, na tarakimu hiyo imenifanya nichukue karatasi.

Gunia la korosho likijaa vizuri huwa na kilo 80. Mara 38 ni kilo 3,040. Tela lenyewe la ukubwa huo, chuma na mbao zake, nalikadiria kilo 700, kwa hiyo jumla ni kilo 3,740. Sehemu ya uzito huo inaegemea ndoano ya trekta, tuseme kilo 400 ikiwa mlipakia kwa uangalifu, na zinazobaki kwenye ekseli ni 3,340, yaani kilo 1,670 kwa kila tairi.

Sasa nenda kwenye ubavu wa tairi utafute tarakimu tatu zinazofuatwa na herufi, kwa mfano 123 A8. Hiyo 123 si kilo; ni namba ya jedwali, na maana yake ni kilo 1,550. A8 maana yake ni kwamba uwezo huo umehesabiwa kwa mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Tairi la ukubwa wako lenye nguvu ya tabaka 10 kwa kawaida huandikwa hivyo hasa. Kwa hiyo ulikuwa umelizidishia kila tairi kilo 120, hapo ardhi ikiwa tambarare. Njia ikiinama upande mmoja, kama njia zetu za shambani zinavyoinama, tairi la upande wa chini linabeba zaidi ya mwenzake, na wewe ulikuwa unatoka bondeni.

Ningependa pia kuuliza swali ambalo hukulitarajia: ulikuwa unatembea na upepo kiasi gani? Katika ardhi yetu ya kichanga wakulima wengi hupunguza upepo ili tela lisizame, na kwa tela tupu hilo lina mantiki. Kwa tela lililojaa, upepo mdogo unaufanya ubavu uvimbe nje kama tumbo, na tumbo hilo ndilo linalokutana na visiki, mawe na ncha za mianzi. Ubavu unajikunja kupita kiasi, unapata joto, nyuzi zinachoka na kuachana na mpira. Tairi lililojazwa upepo wake sawasawa lina nafasi kubwa ya kukipanda kisiki kwa uso wake mnene na kushuka upande wa pili likiwa zima.

Jambo la mwisho ni umri. Kwenye ubavu mmoja kuna tarakimu nne zilizofungiwa katika kisanduku kidogo, wakati mwingine baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la kununuliwa mkononi mwa mtu linaweza kuwa na kashata (meno ya uso wake) nzuri kabisa huku mpira wake umezeeka na kupasuka vijiufa kama matope yaliyokauka, na kiraka hakishiki vizuri kwenye mpira wa namna hiyo.

Mkulima wa Ruponda (Nachingwea)

Ninawashukuru wote, na kwako Bwana Shamba, shikamoo. Leo asubuhi tumelivua tairi na nimeleta majibu, ingawa si ya kufurahisha.

Kwa nje mchaniko ni sentimita 7. Kwa ndani ni sentimita 9, na nyuzi zimesimama kama fundi alivyosema. Tabaka la ndani kabisa limekatika katika sehemu ya katikati, kiasi kwamba nikiliinua tairi kuelekea jua ninaona mwanga unapita. Maandishi ni 123 A8. Kisanduku cha tarakimu nne kinasomeka 3112, kwa hiyo ni la wiki ya 31 ya mwaka 2012, na mimi niliuziwa kwa maelezo kwamba halijamaliza miaka mitatu. Kuhusu upepo, ninaona aibu kidogo kusema kwamba tulikuwa tunakadiria kwa kulipiga teke.

Kuna jambo jingine. Tulipoivua rimu tumegundua mdomo wake umepinda na pembeni ya pindo hilo kuna ufa mfupi. Fundi wa kuchomelea aliye jirani amejitolea kuuziba bure, na anasema niliweke tairi la akiba nililoazimwa na shemeji kwenye rimu hiyo, nilijaze upepo ili rimu ikae sawa, ndipo achomelee. Je, nimkubalie?

Fundi wa Mnazi Mmoja (Lindi)

Usikubali. Ninaomba usome jibu hili kabla hujafanya chochote kingine, na kama rimu imeshafika kwake, mpigie simu sasa hivi.

Rimu yenye tairi haichomelewi, iwe na upepo au isiwe nao. Wengi wanaijua hatari ya upepo uliojaa: joto linauongeza msukumo hadi tairi linapasuka. Lakini hata ukitoa upepo wote, chuma kikipata moto wa kuchomelea, mpira ulioshikana nacho huanza kuungua kwa ndani na kutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo imefungiwa, haina pa kutokea, na ikifika kiwango chake inalipuka kwa nguvu inayoweza kurusha rimu juu ya paa. Si lazima ilipuke fundi akiwa bado anachomelea. Inaweza kulipuka akiwa ameshaweka vifaa chini na anawasha sigara. Kuchomoa sindano ya valvu hakutoshi kukulinda. Tairi liondolewe kabisa, liwe mbali.

Tena, hata likiondolewa, mimi nisingeichomelea rimu yenye ufa mdomoni. Mdomo wa rimu ndio unaouzuia ukingo wa tairi usitoke, na chuma kilichopashwa moto mahali pamoja hubaki na udhaifu pembeni ya mshono. Rimu za ukubwa huo huuzwa na wanaokata trekta na matela chakavu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na mguu wa mtu. Ukienda kununua, chukua rimu yako mkononi, hesabu matundu ya nati na ulinganishe tundu la katikati, kwa sababu rimu mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikakataa kukaa kwenye habu moja, yaani kile kitovu kinachofungwa gurudumu.

Kuhusu tairi, sentimita 9 na mwanga unaonekana: fundi wako wa pili alikuwa sahihi, ingawa alisema kwa kejeli. Hilo halibebi korosho tena. Ukitaka, lipigwe kiraka cha ndani bila kushonwa, likae kwa kazi ya kuvuta mapipa ya maji ndani ya shamba, tela likiwa karibu tupu na mwendo wa miguu. Mimi nisingelifanyia hata hivyo, kwa umri wake huo, lakini sitakusema ukifanya.

Na mtakaporudisha gurudumu, fanyeni hivi. Tela lipakuliwe mzigo wote na libaki limefungwa kwenye trekta, kwa sababu tela la ekseli moja likifunguliwa likiwa na uzito nyuma, mlingoti wake wa kuvutia huinuka ghafla na kumpiga aliye mbele. Gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Chini ya jeki wekeni ubao mpana, maana mchanga wa huko kwenu unaimeza jeki kama maji. Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado linagusa ardhi, na zikazwe kwa kupishana, si kwa kufuatana kwenye duara. Baada ya safari ya kwanza zikazwe tena.

Bwana Shamba Mstaafu (Masasi)

Marahaba, kijana wangu. Nina nyongeza ndogo kwa hayo ya fundi. Ukinunua tairi moja jipya na upande wa pili ukabaki na lile kuukuu, pima urefu wa kimo chao baada ya kujaza upepo. Yakitofautiana sana, tela litalala upande wa lile fupi na utakuwa umerudi kwenye hesabu yangu ya jana. Na kama ukubwa ni uleule, bado angalia namba ya uwezo, kwa sababu tairi la 10.0/75-15.3 linatengenezwa kwa tabaka tofauti, na muuzaji atakupa lililo rahisi ukimwachia achague yeye.

Kwa tairi hizo mbili, magunia 30 yanakupa kilo 1,400 hivi kwa kila gurudumu, ndoano ikibeba 300. Hapo unafika ghalani na akiba ya kukanyaga shimo.

Mkulima wa Ruponda (Nachingwea)

Ninarudi baada ya siku tisa, kwa sababu ninyi mlijibu na si vizuri mtu akishasaidiwa akanyamaza.

Rimu ya kuchomelewa niliirudisha nyumbani siku ileile. Mchomeleaji alikasirika kidogo, akasema amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Nikamsomea maneno ya fundi kwenye simu, akanyamaza, kisha akaniuliza kama na matangi ya mafuta ya pikipiki ni hivyohivyo. Nikamwambia hilo nadhani ni baya zaidi.

Rimu nyingine niliipata Masasi kwa mtu anayekata matela chakavu, na ilikaa kwenye habu bila ubishi kwa sababu nilikwenda na ya kwangu begani. Tairi jipya nimelichukua kwa mkopo wa duka, nusu nimelipa na nusu italipwa baada ya mnada. Muuzaji alinitolea kwanza lililoandikwa 119, na kabla sijasoma mazungumzo haya ningelibeba nikifurahi. Nilimwomba la 123, akanitazama kama mtu aliyeletwa na mwalimu wake.

Mzigo niliupeleka kwa safari mbili, magunia 30 kisha 21, na hakuna kibarua aliyepanda juu, ingawa, Mama wa Kitama, mwenye roho mbaya nimeitwa kweli. Kipimo cha upepo nimekinunua. Tairi la kushoto ambalo tulidhani lina upepo wa kutosha lilikuwa na chini ya nusu ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Baada ya safari ya kwanza nati mbili zilikubali kuzunguka robo, kama fundi alivyotabiri.

Lile lililochanika bado liko chini ya mkorosho, sijaamua. Kisiki nacho kipo palepale. Vijana wawili walikichimba siku nzima wakavunja mpini wa sururu, kwa hiyo kwa sasa nimekipaka chokaa ili dereva akione hata usiku.